Rutuba ya Mahame: Maneno kwa Wakulima wa Kasulu na Kibondo juu ya Kulisha Shamba ili Shamba Lilishe Nyumba



Siku moja kabla ya mvua, chukua jembe lako uende mpaka mahali walipokaa wazee wako zamani, pale panapoitwa mahame. Labda nyumba haipo tena. Pana miti miwili mitatu, pengine na shina la mgomba lililosahauliwa, na mawe ya jiko yaliyofunikwa na majani. Piga jembe mara moja, uinue udongo na kuutazama mkononi. Mara nyingi utauona mweusi, mwepesi, wenye nyungunyungu. Kisha tembea hatua mia moja kutoka hapo, upige jembe tena. Hapo utauona udongo mwekundu, mgumu, usiokaa na maji.

Mvua ni ile ile, jua ni lile lile, na kilima ni kile kile. Basi tofauti hiyo imetoka wapi?

Jibu la swali hili ndilo shabaha ya karatasi hii. Ukilifahamu vema, utajua jinsi ya kuondoa njaa ya mwezi wa Januari nyumbani mwako, na hutahitaji kungoja mtu akuletee dawa kutoka mbali.

1. WAZEE WALIFANYA NINI

Mimi ni mwenyeji wa vilima hivi, na kazi yangu ni Bwana Shamba. Nilisoma katika shule ya misheni, ambako kila mwanafunzi alipewa tuta lake la bustani, na mwenye mboga dhaifu alionekana na wote. Lakini mafunzo yangu ya kwanza juu ya udongo niliyapata kwa bibi yangu, mama yake baba, ambaye hakujua kusoma.

Bibi alikaa juu ya kilima, nyumba yake imezungukwa na migomba. Maganda ya ndizi, ya muhogo na ya viazi aliyatupa migombani. Majivu ya jiko, takataka za uani, mavi ya mbuzi na nyasi kuukuu za paa, vyote vilikwenda huko huko. Kati ya migomba alipanda maharage na magimbi. Nilipomwuliza kwa nini hatupi taka mbali, alinijibu, “Mjukuu wangu, hizi si taka. Hiki ni chakula cha migomba.”

Mwaka 1974 bibi na jirani zake walihamishwa wakakae katika kijiji kipya kando ya barabara. Operesheni ya vijiji ilianza katika Mkoa wa Kigoma mwaka 1972, nayo ilifika karibu kila kilima cha Buha. Wala hiyo haikuwa mara ya kwanza kwa watu wa nchi hii kuacha makao yao. Katika miaka ya 1930 serikali ya wakati ule iliwakusanya watu wengi, hasa wa upande wa Kibondo, kwa sababu ya ugonjwa wa malale unaoletwa na mbung'o. Na kabla ya hapo, katika miaka ya 1890, sotoka iliua ng'ombe wengi sana katika Afrika Mashariki yote, na pamoja na ng'ombe samadi ikapungua. Baadaye wanaume wengi wa Buha walikwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga, na mikono ya kubeba samadi ikawa michache nyumbani.

Siyasemi haya ili kumlaumu mtu. Vijiji vilileta shule, zahanati na barabara. Nasema neno moja tu: watu walipohamishwa walibeba vyungu, mikeka na kuku, lakini udongo haukupakiwa katika gari. Kazi ya miaka hamsini ya kulisha ardhi ilibaki nyuma, ikawa mahame. Huko kijijini watu walianza upya juu ya udongo mwekundu, na wengi wetu mpaka leo hatujaurudishia chochote.

Basi jibu la swali letu ni hili: rutuba ya mahame iliwekwa na mikono ya watu kidogo kidogo, siku kwa siku. Nacho kilichowekwa na mikono ya watu, mikono ya watu yaweza kukiweka tena.

2. KWA NINI SHAMBA HUCHOKA

Zamani shamba lilipochoka liliachwa likae kondeni miaka mingi, nalo likapona lenyewe. Siku hizi nafasi hiyo haipo. Katika hesabu ya mwaka 2012 watu wa Mkoa wa Kigoma walikuwa 2,127,930. Katika hesabu ya mwaka 2022 walikuwa 2,470,967. Katika miaka kumi tu wameongezeka zaidi ya watu laki tatu, na ardhi haikuongezeka hata hatua moja. Kwa hiyo shamba lako halipati likizo, nawe yakupasa kulilisha likiwa kazini.

Shamba hupoteza chakula chake kwa njia nne:

(a) Mazao. Kila gunia la mahindi linalotoka shambani limechukua chakula cha udongo. Ukiuza gunia na kuchoma mabua, umetoa mara mbili wala hukurudisha kitu.

(b) Moto. Mkulima huchoma majani ili shamba lionekane safi. Kweli, majivu huzipa mbegu nguvu kwa msimu mmoja. Lakini sehemu kubwa ya chakula cha mimea hupotea pamoja na moshi, na udongo hubaki uchi, ukingojea mvua ya kwanza iupige.

(c) Maji. Mvua zetu huanza mwisho wa Oktoba au Novemba na kuendelea hata Mei, na katikati, Januari au Februari, huja siku kadhaa za ukame. Mvua za kwanza ni kali, nazo huangukia ardhi isiyo na majani. Hapo udongo mzuri huteremka mtoni. Ukiona maji ya mto yamekuwa mekundu, ujue kwamba unaangalia ugali wa watoto wako ukipita.

(d) Uchachu. Mvua nyingi za vilimani huosha chokaa ya udongo mwaka hata mwaka, na udongo huwa mchachu. Maharage yaliyopandwa katika udongo wa namna hiyo hudumaa, majani yakawa manjano, na mkulima hudhani mbegu ni mbaya.

Njaa ya shamba hutangulia, njaa ya nyumba hufuata nyuma. Haziji siku moja, ndiyo sababu twasahau kwamba ni mama na mtoto.

3. MBOJI: FANYA MAHAME YAKO UPYA

Bwana Albert Howard, mtaalamu Mwingereza aliyefanya kazi huko Indore katika Bara Hindi, alijifunza kwa wakulima wa huko jinsi ya kugeuza mabaki ya shamba kuwa chakula cha shamba, akaandika kitabu juu yake mwaka 1931. Njia yake ni kuyakusanya mahali pamoja mambo yale yale aliyoyafanya bibi yangu, na kuyaharakisha. Haihitaji fedha. Yahitaji jasho na saburi.

Fanya hivi mwezi wa Juni au Julai, baada ya mavuno, ili mboji iwe tayari kabla ya mvua:

Kwanza, chagua mahali penye kivuli karibu na shamba na karibu na maji. Lainisha ardhi kwa jembe. Upana wa biwi uwe hatua mbili ndogo. Urefu ni kama upendavyo.

Pili, tandaza chini mabua ya mahindi au vijiti, kimo cha shibiri moja, ili hewa iingie.

Tatu, weka tabaka ya majani makavu na maganda, kisha tabaka ya majani mabichi, kisha tabaka nyembamba ya samadi ya mbuzi, ng'ombe au kuku, kisha udongo kidogo. Nyunyiza maji. Rudia tabaka hizo mpaka biwi lifike kimo cha kifua. Lisipite hapo, kwa maana litajikandamiza na kukosa hewa.

Nne, choma kijiti kirefu katikati, ukaliezeke biwi kwa majani ya migomba. Baada ya siku tano chomoa kijiti ukakishike. Kikiwa na moto, kazi inaendelea. Kikiwa kikavu na baridi, ongeza maji na samadi. Kikiwa kimelowa na kunuka vibaya, maji yamezidi. Lipindue biwi lipate hewa.

Tano, baada ya wiki tatu pindua biwi lote, vya nje viingie ndani. Pindua tena baada ya wiki tatu nyingine. Katika muda wa miezi mitatu hivi utapata kitu cheusi, chenye harufu ya msitu baada ya mvua. Hiyo ndiyo mboji.

Usitie katika biwi mimea yenye ugonjwa, wala magugu yenye mbegu, wala mifuko ya plastiki.

Wakati wa kupanda, usiitawanye mboji juu ya shamba zima kama mtu anayerusha mchele arusini. Tia viganja viwili katika kila shimo, changanya na udongo, ndipo uweke mbegu. Hivyo chakula kidogo kitafika penye kinywa.

4. SAMADI NA MAJIVU

Wengi huniambia, “Bwana Shamba, mimi sina ng'ombe.” Nami huwauliza, “Je, una mbuzi wawili? Una kuku sita?” Mbuzi wanaolala bandani juu ya nyasi hufanya samadi kila usiku, wewe ukiwa usingizini. Wape nyasi kavu za kulalia, ongeza nyasi zinapolowa, na kila baada ya miezi michache toa zote uzipeleke katika biwi.

Samadi isiachwe juani wala mvuani. Jua huifukuza nguvu yake hewani, mvua huiosha. Ifunike. Tena usiitie mbichi penye mbegu, maana huchoma mizizi. Mimi niliharibu mistari minne ya mahindi kwa haraka hiyo nilipokuwa mwanafunzi, na mwalimu hakunionea huruma.

Majivu ya jiko hupunguza uchachu wa udongo, nayo yafaa sana penye maharage na migomba. Yahifadhi katika debe pakavu. Yanyunyize kidogo kidogo shambani kabla ya kupanda, lakini usiyachanganye na samadi mbichi, kwa maana hufukuza nguvu ya samadi ikapotea hewani.

5. MIMEA INAYOLISHA UDONGO

Mimea ya jamii ya kunde, yaani maharage, kunde, njugu, mbaazi na soya, ina vifundo vidogo katika mizizi. Ndani ya vifundo hivyo huishi vijidudu vinavyokamata chakula cha hewa na kukiweka udongoni. Kwa hiyo ukivuna maharage usiyang'oe kwa mizizi. Kata shina, mizizi ibaki. Maganda na majani uliyopura uyarudishe shambani.

Panda mahindi na maharage pamoja, na mwaka unaofuata ubadilishe: palipokuwa na mahindi pawe na maharage au viazi. Mbaazi pia zifae mpakani, kwa kuwa mizizi yake huenda chini sana na majani yake huanguka yakawa mboji.

Uko mmea mwingine uitwao marejea. Katika miaka ya 1980 Padre Gerold Rupper wa Peramiho aliufundisha kwa bidii kusini mwa Tanzania. Hupandwa katikati ya mahindi yalipokwisha kuota vizuri, au peke yake katika shamba lililochoka. Unapoanza kutoa maua, kabla shina halijawa gumu, hukatwa na kulazwa udongoni.

Lakini marejea si jambo jipya katika nchi yetu. Wakara wa kisiwa cha Ukara, katika Ziwa Viktoria, walilima kwa njia hiyo tangu zamani. Kisiwa chao ni kidogo, watu ni wengi, na udongo ni wa mchanga. Walifunga ng'ombe nyumbani, wakawakatia majani, wakabeba samadi shambani kila mwaka. Tena wakapanda marejea ndani ya shamba la uwele, wakaifukia. Mabwana wa idara ya kilimo waliandika habari zao mwaka 1936 kwa mshangao, kwa kuwa waliona watu wanaolima shamba lile lile kila mwaka bila kuliacha, nalo likazidi kuwalisha. Mababu zao hawakuwa na duka la mbolea, wala hawakuwa na mahali pa kuhamia. Nasi leo tunafanana nao, kwa maana vilima vyetu vimekuwa kisiwa.

6. ZUIA UDONGO USITEREMKE

Haifai kupika chakula katika chungu chenye tundu. Shamba la mteremkoni lisilo na kinga hupoteza mboji yote uliyoitia.

Lima ukikingama na mteremko, kamwe usilime kutoka juu kwenda chini. Panda mistari ya mabingobingo au nyasi za vetiva ikikingama na mteremko. Penye mteremko mkali, mistari ikaribiane. Mabingobingo utawakatia mbuzi wako, hivyo mstari mmoja utafanya kazi mbili. Usichome mabua, yalaze katika mistari. Wamatengo wa Mbinga hulaza majani shambani mistari kwa mistari, ikipitana kama madirisha, wakayafunika kwa udongo na kuacha mashimo katikati, huita ngoro. Maji ya mvua hutua shimoni badala ya kukimbia, na majani huoza chini ya mazao.

Lakini matuta yafanywe kwa akili. Kule Uluguru serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi; udongo mzuri ukafukiwa chini na mbaya ukawa juu, mazao yakawa haba, na mwaka 1955 watu wakakataa kwa ghasia. Kazi ya udongo ifanywe na mtu anayejua sababu yake. Kwa hiyo usifanye neno lolote la karatasi hii kwa kuwa mimi nimesema. Lijaribu katika kipande kidogo, uone mwenyewe.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Korongo la leo, mwaka jana lilikuwa mfereji wa kidole.

7. MUHOGO NA MIGOMBA: KOSA LANGU

Sasa sharti nikiri jambo. Nilipokuwa kijana kazini, nilileta vipando vya muhogo kutoka tarafa nyingine, nikawagawia wakulima kumi na wawili. Majani yalikuwa mazuri, nami nilijisifu. Miezi kumi ikapita. Siku moja katika Januari mama mmoja mwenye watoto watano aliniita shambani kwake. Aling'oa shina moja, akakata mizizi kwa panga. Ndani ilikuwa na mabaka ya kahawia, imekauka kama gome. Aling'oa la pili na la tatu. Hali ni moja. Akaniambia kwa upole, “Bwana Shamba, kisamvu tumekula hata tumechoka. Mizizi umeiweka wapi?”

Sikuwa na jibu. Mwaka ule nyumba yake ilikopa chakula, ikalipa kwa vibarua katika mashamba ya wengine, wakati shamba lake lilihitaji palizi. Ndivyo njaa ya mwaka mmoja inavyozaa njaa ya mwaka wa pili.

Ugonjwa ule huitwa michirizi ya kahawia. Huenezwa na nzi weupe, lakini zaidi huenezwa na sisi wenyewe kwa kubeba vipando. Ndugu yake ni batobato kali, unaokunja na kutia majani mabaka ya manjano. Kwa hiyo:

Chukua vipando katika shamba ulilolikagua, au lile lililokaguliwa na wataalamu wa mbegu. Tazama majani, kisha ng'oa mashina machache ukate mizizi. Usidanganywe na uzuri wa juu. Kata kipande cha katikati ya shina, chenye macho matano au zaidi. Shamba likianza kuota, ng'oa mimea yenye ugonjwa mapema. Tena panda aina mbili au tatu za muhogo, zisianguke zote siku moja.

Migomba nayo ina adui: mnyauko unaoletwa na bakteria. Uliingia Tanzania kwa Mkoa wa Kagera, ambako ulitambuliwa mwaka 2006, na baadaye ukafika hata mkoani kwetu. Majani hunyauka kuwa manjano, ndizi huiva kabla ya wakati wake na kuoza ndani, na shina likikatwa hutoa utomvu wa manjano. Mkungu ukimaliza kutoa vichane, vunja ua dume kwa kijiti chenye panda, usitumie panga. Panga lipitishe motoni kila utokapo shina moja kwenda jingine. Shina lenye ugonjwa likate chini kabisa. Na machipukizi ya shamba lenye ugonjwa usimpe mtu, hata akiwa ndugu yako wa damu. Zawadi hiyo ni msiba.

8. GHALA NI SHAMBA LA PILI

Mkulima mmoja nimfahamuye huvuna maharage mengi kuliko jirani zake. Mwezi wa Juni huuza yote, kwa kuwa mnunuzi amekuja na lori na fedha zinaonekana. Januari hununua maharage yale yale, kwa bei ya juu, kibaba kibaba. Hana shamba baya, ila hesabu yake ndiyo mbaya.

Fanya hesabu kabla ya kuuza. Nyumba yako ikila debe moja la nafaka kwa juma, tangu mwanzo wa Juni hata mwisho wa Januari ni majuma 35. Basi weka madebe 35, yaani karibu magunia sita, na juu yake mbegu ya kupanda. Hayo si mali ya kuuza. Kinachozidi ndicho cha sokoni. Mume na mke wafanye hesabu hii pamoja, maana anayepika ndiye ajuaye kipimo.

Kausha nafaka juu ya turubai au mkeka, usikaushe juu ya ardhi tupu. Ili kujua kama imekauka, tia nafaka kidogo na chumvi kavu katika chupa kavu, uitikise. Chumvi ikishika kando ya chupa, nafaka bado ina maji. Mahindi yenye unyevu huota kuvu yenye sumu. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Nafaka iliyokauka itie katika mifuko ya kinga njaa yenye tabaka tatu, ufunge kila tabaka kwa nguvu; wadudu hukosa hewa wakafa bila dawa.

9. JUU YA MBOLEA YA DUKANI

Labda utaniuliza, “Je, mbolea ya dukani ni mbaya?” Siyo. Mimi siipigi vita. Lakini mwaka 2021 na 2022 bei yake ilipanda duniani kote, na vita ya Ukraine ikazidisha, hata serikali yetu ikaanza kutoa ruzuku mwezi wa Agosti 2022. Mkulima aliyekuwa na biwi la mboji alilala usingizi mwaka ule. Asiye na biwi alikesha akihesabu. Tena udongo usio na mboji ni kama pakacha: mimina mbolea, mvua itaipitisha. Ukiwa na fedha ya kununua kidogo, itie penye mboji, nayo itakaa.

Tumeona pia kwa macho yetu, sisi majirani wa kambi za Nyarugusu na Nduta, jinsi mgao wa chakula cha wakimbizi ulivyopunguzwa mwaka 2017 na tena mwaka 2023, kwa sababu fedha za wafadhili hazikutosha. Watu wale hawakuwa wavivu. Walikuwa mbali na mashamba yao. Chakula kitokacho mbali hakiko katika uwezo wa mlaji. Wewe uliye na shamba, hata la nusu ekari, una jambo ambalo wengi wamelililia.

10. KAZI ZA MWAKA

Juni na Julai: hesabu ya ghala, kusanya mabaki, jenga biwi la kwanza. Usichome.

Agosti na Septemba: pindua biwi, tengeneza makinga maji, kagua shamba la vipando vya muhogo.

Oktoba na Novemba: tia mboji mashimoni, panda mvua zinaposhika, panda mabingobingo.

Desemba na Januari: palilia, tazama mahindi asubuhi, uue viwavijeshi vamizi vingali vidogo, kwa kuwa wageni hawa waliingia nchini mwaka 2017 nao hawangoji, tandaza majani kati ya migomba.

Februari na Machi: panda maharage ya msimu wa pili, panda marejea palipochoka.

Aprili na Mei: vuna, kausha, chagua mbegu bora kabla ya kula.

NENO LA MWISHO

Usianze na shamba zima, maana utachoka kabla ya Oktoba. Pima kipande cha hatua ishirini kwa ishirini karibu na nyumba. Kilishe hicho kwa mboji, majivu na majani. Kando yake acha kipande kama hicho ukilime kwa desturi yako ya zamani. Panda siku moja, palilia siku moja, pima mavuno kwa debe lile lile. Baada ya misimu miwili, wewe ndiwe utakayekuwa mwalimu wa jirani yako, wala hutahitaji karatasi yangu.

Yule mama wa watoto watano alifanya hivyo. Nilimpelekea vipando safi mwaka uliofuata, naye alivikagua kimoja kimoja mbele yangu, nami nikasimama kama mwanafunzi. Leo nyuma ya nyumba yake pana migomba, na chini ya migomba pana udongo mweusi. Nilipopita Januari hii alinikaribisha ugali wa muhogo wa shamba lake mwenyewe, nao ulitosha watu wote waliokuwapo.

Ukiwa na swali, mwite Bwana Shamba au Bibi Shamba wa kata yako, umwonyeshe shamba lenyewe.